Nyonga ya mama: bila saruji itadumu?

Dada, pole kwa kuuguza. Umesema mama yako wa Kondoa, miaka 58, ameshauriwa kuwekewa nyonga bandia isiyotumia saruji (ile ya kitabibu ya kushikiza chuma kwenye mfupa), na jirani kakwambia bila saruji chuma kitacheza.

Jirani ana nia njema, lakini si hivyo. Chuma hicho, mara nyingi titani, kina uso wenye vitundu vidogo. Daktari hukibana ndani ya mfupa, kisha mfupa wenyewe huota na kuingia kwenye vitundu kama mizizi inavyoshika mwamba. Kazi hiyo huchukua wiki kadhaa, kwa hiyo magongo asiyaache mpaka daktari aseme.

Kuhusu kudumu: utafiti uliotoka mwaka 2019 katika jarida la The Lancet ulikadiria kwamba takriban nyonga bandia 58 kati ya 100 hudumu miaka 25. Hizo ni za aina zote, zenye saruji na zisizo nayo. Swali la kumuuliza daktari ni hali ya mifupa ya mama. Ikiwa imekuwa laini, saruji inaweza kuwa salama zaidi, kwa sababu kubana chuma kunaweza kuupasua mfupa.

Kinachonitia wasiwasi zaidi ni nyumbani. Choo cha kuchuchumaa na kigoda cha jikoni vinaweza kuichomoa nyonga, hasa miezi ya mwanzo. Tengenezeni choo cha kukalia kabla hajarudi Kondoa, tafadhali. Na baadaye akipata maumivu mapya ya paja au kinena, mleteni Dodoma apigwe eksirei, msisubiri.