Nyoosha Cheni Kabla ya Kung'arisha Tangi

Ndugu msomaji uliyeniuliza uanzie wapi ili uunde Triton yako mwenyewe, ujumbe wako umenikuta na mikono imejaa grisi, kwa maana siku mbili kabla yake pikipiki yangu ilikuwa imezunguka uwanja wa mbio kwa mara ya kwanza na kurudi nzima. Nina furaha ambayo siwezi kuificha.

Triton ni pikipiki iliyo kama ndoa ambayo kampuni za pikipiki za Uingereza, Triumph na Norton, hazikuwahi kuifungisha: injini ya Triumph ya silinda mbili, mara nyingi ya cc 649, hupandikizwa katika fremu ya Norton iliyobuniwa na ndugu wawili wa Belfast, Rex na Cromie McCandless. Mwaka 1950 Geoff Duke alishinda mbio za Senior TT katika Kisiwa cha Man akiwa na fremu hiyo, na mwenzake Harold Daniell aliifananisha na kitanda cha manyoya, kwa Kiingereza Featherbed, jina likaganda hadi leo.

Mimi naishi Birmingham, mji uleule zilikoundwa Norton hizo, na bado nilipoteza miaka mitatu. Mabati ya kushikia injini nilimpa fundi mzoefu ayakate, nami nikashughulika na tangi hadi nikaona uso wangu ndani yake. Maili nne kutoka nyumbani cheni ya injini ilikatika na kupasua kasha lake. Nilipoegemeza rula ya chuma kwenye sproketi ya injini, lile gurudumu la meno linalovuta cheni, na kuivusha hadi kwenye klachi, mwanga ulipenya: viwili hivyo vilikuwa vimepishana milimita mbili nzima, na cheni ilikuwa ikienda upande. Nilimrudia yule fundi, akanijibu kwamba watu wa kwetu tungebaki na baiskeli. Neno hilo halijanitoka moyoni.

Mara ya pili sikumpa mtu kazi. Nilikata kadibodi kwanza, nikaijaribu kwenye fremu, nikairekebisha, kisha nikahamishia umbo lake kwenye alumini ya milimita 10, nikaikata kwa msumeno wa mkono na kuimalizia kwa tupa, jioni baada ya jioni. Bushi za giaboksi nilizikereza mwenyewe mpaka rula ikalala bila mwanga.

Basi pima, ndugu yangu. Pima ukiwa umekaza bolti, pima tena ukiwa umezilegeza, na usimwachie mwingine rula hata kama ana ndevu nyeupe, kwa sababu cheni itakapokatika utakayekuwa juu ya kiti ni wewe. Rangi ingoje. Nunua pia spana za Whitworth, vipimo vya zamani vya Kiingereza, kwani za milimita zitakula pembe za nati zako.

Vielelezo vyangu vya kadibodi nimevihifadhi na nitakutumia. Niambie tu kama fremu yako ni ile pana ya zamani au iliyobanwa chini ya tangi kuanzia 1960, kwa maana vyangu ni vya ile pana.