Kusimama mbele ya wenzako ukiwa na uzoefu mdogo

Ndugu yangu, umeuliza kama mtu aliyeandika programu kwa miaka miwili tu anaweza kufundisha kwenye mkutano wa watengenezaji programu hapa Bukavu bila kujiaibisha. Anaweza, mradi achague jambo moja dogo analolitumia kila siku. Ningekushauri uanze na Git, zana ya kutunza historia ya mabadiliko ya programu unayoiandika, ambayo Linus Torvalds aliianzisha mwaka 2005, kwa sababu sehemu kubwa ya kazi yake hufanyika ndani ya kompyuta yenyewe, hata intaneti ikikatika katikati ya somo. Nakili faili za kusakinisha kwenye flashi mbili (moja hupotea kila mara), kisha uwaache washiriki waandike amri wenyewe. Mimi nilikwenda na slaidi 40; umeme ulikatika kwenye ya sita, tukamalizia kwa chaki.