Kiungo kimoja kimekatika, simu imejaa jumbe: kupanga utegemezi wa vifaa na huduma katika Nagios

SWALI: Mimi ni fundi wa TEHAMA katika chama cha akiba na mikopo chenye ofisi kuu mjini Kigoma na matawi Kasulu na Kibondo. Tumefunga Nagios Core kwenye seva ya ofisi kuu ili ifuatilie ruta, swichi, seva ndogo za matawi na mfumo wetu wa mikopo. Kasulu tunaifikia kwa redio za minara, Kibondo kwa setilaiti. Redio ikikatika napokea makumi ya jumbe kwa mkupuo, na ule unaohusu redio yenyewe unafukiwa katikati yake. Kibondo nako, huduma ya PING (kipimo cha muda ambao pakiti, yaani kifurushi kidogo cha data, hutumia kwenda na kurudi) inaonyesha hali ya hatari usiku na mchana ilhali wafanyakazi wanaendelea na kazi. Nitatulizaje kelele hizi bila kuzima tahadhari?

JIBU: Ndugu fundi wa Kigoma, tuanze na redio, kwa kuwa ndiko lilipo jambo zito zaidi.

Nagios haijui ramani ya mtandao wako mpaka uichore. Kifaa ambacho hakikutajiwa mzazi huhesabiwa kuwa kiko mlango mmoja na seva ya ufuatiliaji, kwa hiyo kisipojibu hutangazwa kuwa DOWN, yaani kimezimika chenyewe. Ukikitajia mzazi kwa neno `parents`, Nagios huangalia kwanza hali ya mzazi huyo: akiwa hai, kifaa kinahesabiwa kuwa kimezimika, wazazi wote wakiwa hawapatikani, kifaa kinapewa hali ya UNREACHABLE, maana yake njia ya kukifikia imekatika na hali yake halisi haijulikani. Tofauti hiyo ndiyo itakayokuambia kama unapaswa kupanda mnara au kusafiri hadi Kasulu.

Ramani hiyo ichorwe kwa kusimama pale ilipo seva ya ufuatiliaji na kutazama nje, hatua kwa hatua: swichi ya ofisi kuu, redio ya upande wa Kigoma, redio ya upande wa Kasulu, ruta ya tawi, swichi ya tawi, kisha seva. Kila kifaa kinamtaja mzazi wake wa karibu tu, na seva ya ufuatiliaji yenyewe haina mzazi. Mafundi wengi huchora kwa kufuata ngazi za ofisi, wakaifanya seva ya makao makuu kuwa mzazi wa kila tawi, ilhali pakiti hazipiti kwenye seva hiyo kamwe. Kwa ruta ya Kasulu ungeandika hivi:

define host {
    use generic-switch
    host_name ruta-kasulu
    address 10.20.0.1
    parents redio-kasulu
}

Siku mtakapoiongezea Kasulu njia ya pili, wataje wazazi wote wawili kwa kuwatenganisha na mkato. Njia moja ikifa, tawi litaendelea kuhesabiwa kuwa linafikika, na ujumbe utakaokujia utakuwa wa njia iliyokufa pekee.

Hata hivyo, kutaja wazazi peke yake hakutaondoa jumbe zote. Tazama mstari wa `notification_options` katika violezo vinavyokuja na programu. Kiolezo cha generic-switch kina herufi d na r, yaani tuma ujumbe kifaa kinapozimika na kinaporejea. Kiolezo cha linux-server kina d, u na r, na hiyo u ndiyo inayotuma ujumbe kwa kila seva isiyofikika. Kama seva zako za matawi zimeanzishwa kwa kiolezo hicho, ondoa u. Huduma zilizo juu ya vifaa hivyo hazihitaji marekebisho ya namna hiyo, kwa sababu Nagios haitumi ujumbe wa tatizo la huduma wakati kifaa kinachoibeba kimezimika au hakifikiki.

Zingatia pia mwendo wa ukaguzi. Nagios huiweka hitilafu mpya katika hali ya SOFT, yaani ambayo bado haijathibitishwa, hukagua tena kwa idadi uliyoiweka kwenye `max_check_attempts`, na kutuma ujumbe pale tu hali inapokuwa HARD, yaani imethibitishwa. Ikiwa ruta ya Kasulu imepewa jaribio moja, inaweza kutangazwa kuwa imezimika kabla ukaguzi wa redio haujakamilika. Mimi huzipa redio na ruta za njiani majaribio matatu kwa `retry_interval` ya 1, ambayo kwa mpangilio wa kawaida ni dakika moja, na vifaa vilivyo nyuma yake majaribio matano au zaidi. Hivyo mzazi hufikia uamuzi kabla ya watoto wake.

Mfumo wa mikopo ni suala jingine. Hapo njia ya mtandao ni nzima, lakini programu haifanyi kazi kwa sababu kanzidata imesimama, na `parents` haiwezi kueleza uhusiano wa aina hiyo. Tumia `servicedependency`:

define servicedependency {
    host_name seva-kuu
    service_description Kanzidata
    dependent_host_name seva-kuu
    dependent_service_description Mfumo wa Mikopo
    execution_failure_criteria n
    notification_failure_criteria w,u,c
}

Herufi w, u na c hapa ni hali za kanzidata: onyo, isiyojulikana na hatari; n maana yake ni hakuna. Nakusihi uiache herufi n kwenye mstari wa `execution_failure_criteria`. Ukiweka c hapo, kanzidata ikianguka Nagios itaacha kabisa kuukagua mfumo wa mikopo, na skrini itaendelea kuonyesha matokeo ya mwisho kabla ya hitilafu, pengine kijani, huku wanachama wamepanga foleni dirishani. Kwa n ukaguzi unaendelea na ukweli unaonekana. Kinachozuiwa ni ujumbe wa pili tu. Fahamu vilevile kwamba utegemezi huu haurithiwi usipoweka `inherits_parent` kuwa 1. Wala usitaje utegemezi usiokuwapo kweli, kwa sababu kila mstari wa namna hii unanyamazisha kitu, na hitilafu iliyonyamazishwa bila haki ni mbaya kuliko jumbe makumi.

Sasa Kibondo. Setilaiti iliyotulia juu ya ikweta iko kilomita 35,786 kutoka usawa wa bahari. Pakiti ya ping hupanda na kushuka, kisha jibu lake hupanda na kushuka, jumla ikiwa zaidi ya kilomita 143,000. Hata kwa kasi ya mwanga safari hiyo inachukua takriban milisekunde 477 kabla ya kuongeza ucheleweshaji wa vifaa. Mfano wa localhost.cfg unaokuja na Nagios huweka onyo kwenye milisekunde 100 na hatari kwenye 500, na ule wa switch.cfg kwenye 200 na 600. Kama huduma yenu ni ya setilaiti ya aina hiyo, tatizo liko kwenye viwango hivyo. Pima kwa siku kadhaa, saa za kazi na usiku, kisha weka viwango juu ya kile unachokiona, `900.0,20%!1500.0,60%` ni mahali pazuri pa kuanzia (onyo kisha hatari; asilimia ni pakiti zinazopotea).

Jambo moja hukuliuliza, lakini linahusu ujumbe ule ule unaoutegemea. Ikiwa tahadhari zinatumwa kwa barua pepe kupitia intaneti ya ofisi kuu, siku intaneti hiyo itakapokatika hutapata ujumbe wowote. Unganisha modemu yenye laini ya simu kwenye seva ya ufuatiliaji na utume SMS kwa programu kama Gammu, na uhakikishe seva, modemu na swichi ya kwanza zote ziko kwenye UPS, yaani betri ya akiba.

Kabla ya kuiwasha upya Nagios, kagua faili zako kwa amri `/usr/local/nagios/bin/nagios -v /usr/local/nagios/etc/nagios.cfg` ikiwa uliifunga kutoka kwenye msimbo wake. Itakuonyesha mzazi aliyetajwa bila kuwapo na wazazi wanaozungukana. Kisha kubaliana na meneja wa tawi muda ambao hakuna wanachama, na uchomoe waya wa redio ya upande wa Kigoma kwa dakika kumi na tano. Unapaswa kupokea ujumbe mmoja wa redio hiyo, na vifaa vyote vilivyo nyuma yake visomeke UNREACHABLE. Kifaa chochote kitakachosomeka DOWN pamoja nayo kinahitaji kuangaliwa upya mzazi wake na idadi ya majaribio yake.