Kabla hujamtoa farasi bandani: njia na barabara za England

Ukipata kazi ya kutunza farasi England, hazipiti siku nyingi utaambiwa umpeleke mmoja nje akanyooshe miguu. Kupanda pengine unajua. Kinachowaponza wageni ni kutojua wapi farasi ana haki ya kupita, maana njia mbili zenye nyasi na tope lile lile zinaweza kuwa na sheria tofauti kabisa.

Angalia rangi ya mshale kwenye nguzo. Njano ni ya waenda kwa miguu. Usiingie, hata ukiona alama za kwato za mwenzako aliyekosea. Buluu, yenye kibao kilichoandikwa Bridleway, ni njia ya farasi. Baiskeli nazo hupita hapo, lakini mwenye baiskeli ndiye anayepaswa kukupisha. Zambarau huruhusu pia magari ya kukokotwa na farasi, na nyekundu huruhusu hata pikipiki, kwa hiyo huko tega masikio. Wales mfumo ni huu huu. Scotland ina sheria yake ya mwaka 2003 na ni ya ukarimu zaidi.

Kwenye ramani ya Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, ya 1:25,000, vistari virefu vya kijani ni njia ya farasi, vifupi ni ya miguu. Wengi huvichanganya. Palipo na ubishi, ramani rasmi ya halmashauri ndiyo inayoamua. Mkulima akilima shamba lenye njia ya farasi inayokatiza katikati, kwa kawaida ana siku 14 za kuirudisha, upana usiopungua mita 2. Ile ya pembezoni hairuhusiwi kulimwa. Ukikuta ngano imeota juu ya njia, piga picha, andika mahali, peleka halmashauri. Kugombana na mkulima ukiwa juu ya farasi hakujamsaidia mtu.

Mageti ndiyo yanayoumiza kuliko wengi wanavyodhani. Kisheria geti la njia ya farasi liwe na upana wa angalau mita 1.525, na nafasi hiyo ni finyu mno kwa farasi mwenye haraka. Msimamishe sambamba na geti, kichwa chake kikielekea kwenye komeo, hatamu mkono mmoja. Sukuma, pita, geuka, funga. Hatari kubwa ni geti linalojifunga lenyewe: likimgonga nyongani mara moja, kesho atalipita kwa kuruka. Kama lina nguvu au upepo ni mkali, shuka, pandisha vikuku (vyuma vya kukanyagia vinavyoning'inia kwenye tandiko) visije vikanasa, mpitishe, kisha mgeuze alitazame geti kabla hujaliachia. Mkiwa wengi, asiondoke mtu mpaka wa mwisho amefunga, kwani farasi aliyeachwa nyuma hupagawa.

Sasa lami. Pita kushoto. Waliotoka Dar, Nairobi au Kampala wako nyumbani; waliotoka Kigali, Bujumbura, Lubumbashi au Muscat wajizoeze kutazama kulia kwanza. Mikono yote miwili kwenye hatamu isipokuwa unapotoa ishara, miguu yote kwenye vikuku. Msipande zaidi ya wawili sambamba, na kwenye kona au njia nyembamba jipangeni mmoja nyuma ya mwingine. Farasi mwoga akae upande wa ukingo, mtulivu upande wa magari.

Tangu Januari 2022 kanuni za barabarani zinamtaka dereva apite kwa mwendo usiozidi maili 10 kwa saa, yaani kilomita 16, na akuachie angalau mita 2. Usitegemee kwamba anazijua. Nyoosha mkono wa kulia, kiganja chini, uushushe na kuupandisha polepole. Akipunguza mwendo, mshukuru. Mikono ikiwa na kazi, kuinamisha kichwa kidogo kunatosha.

Mfuko wa plastiki ukipepea kwenye ukingo wa kushoto, farasi huugeukia na kutupa makalio katikati ya barabara. Wengi humlazimisha autazame, na hapo ndipo kosa lilipo. Geuza kichwa chake kidogo kulia, kandamiza mguu wako wa kulia ili makalio yabaki kushoto, endelea mbele. Ila kwanza tazama nyuma: gari likiwa linakuja, liombe lisimame.

Viatu vya chuma huteleza kwenye lami iliyolainika, mifuniko ya mitaro na rangi nyeupe zilizolowa. Mtembeze tu hapo. Usimkimbize mteremkoni wala konani. Vipilefti viepuke ukiweza. Usipoweza, shika kushoto, toa ishara ya kulia kila unapopita mbele ya njia ya kutokea, kisha ya kushoto ukikaribia kutoka.

Vaa rifleksa hata mchana, na umfunge farasi nyingine miguuni, juu kidogo ya kwato. Desemba giza huanza saa kumi jioni. Kofia ngumu ni sheria barabarani kwa watoto chini ya miaka 14, lakini mtu mzima asiyeivaa hana hoja. Na iliyogonga chini haivaliwi tena. Simu ikae mwilini mwako, si kwenye tandiko: farasi akikuangusha na kutimka, ataondoka na njia yako ya kupiga 999, namba ya dharura.