Maswali ya Madereva: Gari Katika Mji wa Ufukweni Msimu wa Likizo

SWALI: Tunakwenda na watoto na wazee kwenye mji wa ufukweni, kwa gari la kukodi. Tumeambiwa kuegesha huko ni kazi. Tufanyeje?

JIBU: Msihangaike kutafuta nafasi kando ya bahari. Mchana wa likizo, magari mengi katika barabara ya ufukweni yanazunguka tu yakisaka pa kusimama, na dereva mmoja anayemsubiri mwenzake atoke huziba njia nzima. Chagueni maegesho kwenye ramani kabla ya kuingia mjini, mwendo wa dakika 10 au 15 kwa miguu kutoka ufukweni. Fikeni kabla ya saa tatu asubuhi na gari likae hapo hadi jioni. Wazee na mizigo washushwe kwanza, kisha dereva aende kuegesha peke yake.

Kwenye maegesho ya ghorofa au ya chini ya ardhi, tazameni kimo kilichoandikwa mlangoni. Mengi hayapokei gari linalozidi mita 2 na ushee, na sanduku la mizigo juu ya paa huweza kulivusha gari la kawaida kimo hicho. Pimeni kabla ya safari, mwandike kipimo mkibandike karibu na usukani. Tiketi ya getini ondokeni nayo, kwa kuwa mara nyingi mashine ya kulipia iko kwenye mlango wa waenda kwa miguu, na karatasi ile ikiachwa kwenye joto la gari huweza kuwa nyeusi isisomeke. Tiketi ya kuegesha barabarani ndiyo huachwa juu ya dashibodi, maandishi yakitazama nje. Funga mlango kwanza, kisha uiangalie tena: upepo wa mlango huigeuza, na hilo huweza kukuletea faini.

SWALI: Kwenye alama za barabarani, duara la bluu lenye mstari mwekundu mmoja na lile lenye miwili yanatofautianaje?

JIBU: Katika nchi zinazofuata alama za Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968, mstari mmoja unakataza kuegesha, ila kusimama kidogo kushusha watu au mizigo kunaruhusiwa. Miwili inayokatana inakataza hata kusimama. Kubaki kwenye usukani huku umewasha taa za tahadhari hakukuokoi. Soma pia kibao kidogo cha chini: saa, siku na aina ya gari.

SWALI: Hoteli iko mlimani, na kuegesha ni kando ya barabara tu. Gari ni la otomatiki.

JIBU: Tafuta nafasi inayozidi urefu wa gari lako kwa mita 1.5 hivi. Simama sambamba na gari la mbele, bampa za nyuma zikilingana, mkiachana nusu mita hadi mita moja. Rudi polepole huku umekata usukani wote upande wa ukingo (tuta la mawe kando ya barabara). Gari likikaa mshazari wa nyuzi 45, nyoosha usukani, endelea kurudi hadi bampa yako ya mbele ipite ya nyuma ya jirani, kisha kata wote upande wa pili. Wanaogonga ukingo kwa kawaida wamechelewa hatua hii ya mwisho. Ukigusa, toka uanze upya; ukilazimisha, tairi hupasuka ubavuni.

Mlimani, utaratibu wa breki una uzito zaidi. Kanyaga breki, vuta breki ya mkono, weka N (gia huru), achia mguu taratibu hadi gari likalie breki ya mkono, kisha kanyaga tena na uweke P (gia ya kuegesha). Ukianza na P, uzito wote unaegemea kikomeo kidogo ndani ya giaboksi, ndiyo maana asubuhi gia hugoma kutoka au hutoka kwa kishindo. Gari likitazama mteremkoni, tairi za mbele zielekee ukingo. Likitazama mlimani, zielekee barabarani, ili likiserereka tairi igote kwenye ukingo. Pasipo ukingo, zielekeze nje ya barabara kwa vyovyote.

SWALI: Kwenye foleni mshale wa joto unapanda, tukitembea unashuka. Ni nini?

JIBU: Shuku feni ya rejeta, fyuzi yake au relei (swichi ya umeme inayoiwasha). Gari likitembea, upepo huipoza rejeta. Kwenye foleni ni feni tu. Mshale ukipanda, zima AC, fungua hita hadi mwisho na vioo vyote. Usiposhuka, jitoe pembeni, zima injini, na usifungue kifuniko cha rejeta hadi ipoe kabisa.