Jibu: Miito ya RPC juu ya websoketi, majibu kuchanganyika na muunganisho kukatika

Ndugu, unasema unatumia RPC (kuita kazi iliyo kwenye seva kutoka kwa mteja, yaani programu inayoomba, kama kivinjari) juu ya websoketi (muunganisho unaobaki wazi kati ya mteja na seva), na kwamba majibu yanachanganyika na muunganisho unakufa baada ya dakika moja. Hayo ni matatizo mawili tofauti.

Websoketi haijui lipi ni ombi na lipi ni jibu, inabeba ujumbe tu. Kila mwito uupe `id` (kitambulisho) yake, kama JSON-RPC 2.0, kanuni ya kuandika miito ya RPC kwa JSON, inavyotaka, na seva irudishe `id` ileile. Upande wa mteja weka jedwali la miito inayosubiri: jibu likifika, tafuta `id`, kamilisha, ifute. Usitegemee mpangilio wa kufika, maana mwito mwepesi utaupita mzito. Kila mwito uwe na ukomo wa kusubiri jibu, tuseme sekunde 10, la sivyo jedwali litavimba. Muunganisho ukikatika, miito yote iliyosubiri ipewe kosa mara moja. Ile inayobadilisha data usiirudie kiholela. Huenda seva ilishaitekeleza.

Kukatika kunaelekea ni kwa sababu ya proksi, yaani seva ya kati inayopitisha data kati ya mteja na seva yako. Katika nginx, programu inayotumika kama proksi, `proxy_read_timeout` (muda wa kungoja data kutoka kwa seva kabla ya kukata) kwa kawaida ni sekunde 60. Ili muunganisho usikae kimya muda huo wote, seva itume ping (ujumbe mfupi wa kuuliza kama upande wa pili bado upo) kila sekunde 30. Kivinjari hujibu pong (jibu la ping) chenyewe, lakini JavaScript yake haiwezi kutuma ping.