Anafaa kwa nini? Barua kuhusu Reardon na Milvain

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unauliza: katika New Grub Street, riwaya ya George Gissing ya mwaka 1891, kwa nini mwandishi Edwin Reardon, mwenye kipaji, anakufa fukara, na Jasper Milvain anayeandika chochote kinacholipa ananeemeka? Je, Gissing naye aliamini kwamba mnyonge hana budi kupisha?

Usiharakishe kusema ndiyo. Msemo wa "kuishi kwa anayefaa zaidi" ni wa mwanafalsafa Mwingereza Herbert Spencer, wa 1864. Darwin, mwanasayansi wa mageuzi ya viumbe, aliuingiza kwenye kitabu chake On the Origin of Species katika toleo la 1869. Lakini sisi, kwa Kiswahili, tukiambiwa kitu kinafaa, huuliza: kwa nini, na kinamfaa nani? Isome riwaya na swali hilo mkononi.

Wakati ule riwaya ilitoka juzuu tatu, kwa shilingi 31 na peni 6. Wanunuzi walikuwa wa kuhesabika. Wasomaji waliazima kwa Mudie, maktaba ya kulipia: shilingi 21 kwa mwaka, juzuu moja kwa zamu. Kitabu cha juzuu tatu kilihudumia wateja watatu kwa mpigo, ndiyo maana mchapishaji alizitaka tatu hata kama hadithi ilikwisha kwenye ya kwanza. Mtazame Reardon anavyohangaika kuzijaza. Kueleza mahali au kuchambua tabia ya mtu kunamchosha, basi anakimbilia mazungumzo, kwa kuwa majibu mafupi hula karatasi upesi. Anajua ni takataka, na anaendelea. Kitabu kilichotangulia kilimpa pauni 100. Hiki, baada ya miezi ya mateso, 75. Milvain anamhesabia Marian Yule, msichana atakayemchumbia baadaye, kazi zake za kutwa, mapitio na makala fupi fupi: gini 10 hadi 12 (gini moja ilikuwa shilingi 21), kwa siku moja!

Mwaka 1894 Mudie na W. H. Smith, maktaba nyingine ya kulipia, walizigomea bei za juzuu tatu, na mtindo huo ukafa haraka. Kwa hiyo "maumbile" yaliyommaliza Reardon yalikuwa orodha ya bei, ikafutwa kwa waraka wa biashara. Gissing mwenyewe aliiuza riwaya hii, haki zote, kwa pauni 150.

Rudi pia ukurasa wa kwanza. Kengele ya kanisa inagonga saa mbili asubuhi, Milvain anapasua yai lake na kusema kwamba muda huu London kuna mtu ananyongwa. Faraja ni kwamba si yeye. Wengi hupita hapo wakicheka. Mimi naona falsafa yote ya ushindani imo kwenye yai hilo, na Gissing haipendi hata kidogo.

Tena ushindi wenyewe si wa jasho. Marian anaachiwa urithi wa pauni 5,000, na Milvain anamchumbia. Kampuni iliyoshika fedha inaanguka, zinabaki 1,500. Amy, mjane wa Reardon, anazo 10,000 zake, na Milvain anamwoa yeye. Ukifika sura hizo soma polepole, maana Milvain hamwachi Marian kwa kauli: anamsogeza, neno kwa neno, mpaka Marian ndiye anayesema basi.

Mama yako